Namna ya Kula Xiaolongbao Bila Kuungua Wala Kumwaga Supu: Mwongozo Kamili kwa Anayefika Shanghai

Wasafiri wengi kutoka Afrika Mashariki wanaopitia Shanghai, wawe wafanyabiashara wanaounganisha treni ya kwenda Yiwu au wanafunzi wanaokwenda kuripoti vyuoni, huonjeshwa mapema xiaolongbao, vile vifuko vya unga vyenye nyama na supu ndani, na malalamiko yao huwa yaleyale. Ulimi umeungua. Supu imeishia mezani au kwenye shati. Au kifuko kilikuwa kikavu ndani, na mlaji hakuelewa sifa zote zile zilitoka wapi.

Chanzo cha yote matatu ni wakati. Kifuko kikiliwa mapema mno huunguza, na kikichelewa hunata, huchanika na kupoteza supu. Hatua zote zilizo hapa chini zinahusu namna ya kuzitumia vizuri dakika chache zilizo katikati ya hatari hizo mbili.

## Unachokwenda kula

Xiaolongbao ni kifuko kidogo cha unga wa ngano chenye nyama ya kusaga na supu ndani yake, kinachopikwa kwa mvuke katika kikapu cha mwanzi. Supu haimiminwi humo ikiwa majimaji. Mpishi huchemsha ngozi ya nguruwe kwa muda mrefu, huuacha mchuzi wake upoe mpaka ugande kama supu ya makongoro iliyolala kwenye jokofu, kisha huukatakata mgando huo na kuuchanganya na nyama. Mgando huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 35 za Selsiasi, ilhali mvuke wa jikoni hukaribia nyuzi 100.

Kwa hiyo kifuko kinachofika mezani kimebeba supu yenye joto la kuchemka ndani ya ngozi nyembamba, na supu hiyo huhifadhi joto kwa muda mrefu. Ngozi ya nje hupoa haraka na kumdanganya mlaji kwamba mambo yamekuwa salama.

## Vitu vinavyohitajika

Mezani utahitaji:

- vijiti viwili;
- kijiko kifupi cha kauri, chenye kina na kitako bapa;
- kisahani cha siki;
- siki nyeusi ya mchele, ambayo mara nyingi huwa ya Zhenjiang;
- tangawizi mbichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi;
- karatasi za kufutia mikono.

Mikahawa ya kawaida haiweki karatasi za kutosha, na mingine haiweki kabisa, hivyo beba pakiti yako. Katika baadhi ya mikahawa tangawizi hulipiwa pembeni kwa kiasi kidogo. Ilipie, kwa sababu bila tangawizi mafuta ya supu huchosha ulimi kabla ya kifuko cha nne. Uma usiutegemee, na hata ukipatikana usiutumie, maana meno yake yatatoboa ngozi na kazi yote itakuwa bure.

Simuni kuwe na vitu viwili ulivyoviandaa kabla ya safari: programu ya malipo, yaani Alipay au WeChat, iliyounganishwa na kadi yako ya benki, na programu ya tafsiri inayofanya kazi bila intaneti. Huduma za Google zimezuiwa nchini China, na mteja anayegundua jambo hilo akiwa mbele ya kaunta, nyuma yake kuna foleni ya watu wenye njaa, huwa amechelewa. Noti ndogondogo za yuan zibaki mfukoni kwa dharura.

Kuhusu mavazi, epuka nguo nyeupe siku hiyo. Mwenye kanzu au buibui lenye mikono mipana aikunje mpaka karibu na kiwiko, kwa kuwa kisahani cha siki hukaa palepale mkono unapopita kuelekea kikapuni.

## Kwanza kabisa, suala la nyama

Sehemu hii isirukwe na Mwislamu, wala na yeyote asiyekula nguruwe, kwa kuwa programu za tafsiri hupotosha hapa kuliko mahali pengine popote.

Katika orodha za vyakula za Kichina, neno 肉 (rou) likisimama peke yake humaanisha nyama ya nguruwe. Nyama ya ng'ombe lazima itajwe, 牛肉 (niurou), na ya kondoo au mbuzi vilevile, 羊肉 (yangrou). Xiaolongbao ya kawaida huandikwa 鲜肉 (xianrou), na programu itakutafsiria "nyama mbichi" au "nyama safi" bila kumtaja nguruwe hata kidogo. Hiyo ni nguruwe.

Kuagiza ya kaa hakukuokoi. Ile inayoandikwa 蟹粉 (xiefen) huwa na kaa aliyechanganywa na nguruwe, na ya kamba huwa hivyohivyo mara nyingi. Hata pale mkahawa unapotangaza kaa mtupu, mgando uliozaa supu unaweza kuwa wa ngozi ya nguruwe. Aidha, wapishi wengi hutia divai ya mchele katika nyama ili kuondoa shombo. Ya mboga nayo ipo, lakini kwa kawaida haina supu, kwa hiyo mwongozo huu hauihusu.

Alama ya kutafuta ni 清真 (qingzhen), inayoandikwa kwenye bango la mkahawa wa halali, mara nyingi pamoja na maandishi ya Kiarabu. Yiwu ina mikahawa mingi ya aina hiyo kwa sababu ya wafanyabiashara Waislamu wanaofika huko. Mikahawa ya halali ya tambi za Lanzhou imetapakaa karibu kila mji wa China, ila hiyo huuza tambi na si vifuko vya supu. Anayetaka hasa kifuko chenye supu ya halali atakuwa na bahati kubwa zaidi Xi'an, katika mtaa wa Waislamu wa Kihui, ambako guantang bao, yaani vifuko vya supu, za nyama ya ng'ombe au kondoo ni chakula cha kila siku na mkahawa wa Jia San umejenga jina kwazo. Hatua ya 3 mpaka ya 8 zinafaa kwa hizo pia.

## Hatua ya 1: Chagua mkahawa na saa

Tafuta mkahawa ambao wafungaji wa vifuko wanaonekana kupitia kioo, na ambao vikapu vinatoka kwenye mvuke mfululizo. Kifuko kilichofungwa muda mfupi kabla ya kupikwa kina ngozi kavu na imara. Kilichofungwa mapema na kuachwa kikisubiri wateja huanza kulowa kutoka ndani, na ngozi yake hupasuka hata mikononi mwa mtaalamu. Mtaa wa bustani ya Yuyuan una mkahawa maarufu wa Nanxiang, na foleni yake ni maarufu vilevile. Kwa maoni yangu anayejifunza atajisikia huru zaidi kwenye mkahawa mdogo wa mtaani, wenye meza kumi hivi na wateja wa jirani.

Wachina hula chakula cha mchana kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba. Nenda kabla au baada ya hapo. Usichelewe sana, kwani baadhi ya mikahawa midogo hufunga milango mara nyama ya siku inapokwisha, hata kama jua bado ni kali.

Umefanikiwa ikiwa umefika, kuna kiti, na unaona mvuke.

## Hatua ya 2: Agiza kidogo, lipa, chukua nafasi

Katika mikahawa mingi ya aina hii mteja hulipa kwanza kaunta na kupewa tikiti yenye namba, au huchanganua kwa simu alama ya msimbo iliyobandikwa mezani na kuagiza humohumo. Bakshishi haitarajiwi.

Agiza kikapu kimoja kwa kila mtu, basi. Idadi ya vifuko hutofautiana kati ya mkahawa na mkahawa, lakini vikapu vya vifuko 6, 8 au 12 ni vya kawaida. Mgeni mwenye njaa huagiza vikapu vitatu kwa mpigo, vyote vikatua mezani pamoja, na kile cha tatu kikaliwa kikiwa kimepoa na kunata. Mezani kwa watu wawili, ni busara zaidi kushirikiana kikapu cha kwanza chenyewe, kisha kuagiza cha pili.

Kuanzia Septemba hadi Novemba hivi ni msimu wa kaa wa maji baridi, na mikahawa hubandika matangazo yake ukutani. Ya kaa ni ghali zaidi na ina mafuta mengi zaidi, hivyo anza na ya kawaida.

Meza ikijaa, utakaa na watu usiowajua. Onyesha kiti kwa mkono, subiri kichwa kiitikie, keti. Hakuna anayetegemea mazungumzo.

## Hatua ya 3: Tayarisha siki kabla kikapu hakijafika

Kazi hii ifanywe wakati wa kusubiri, maana kikapu kikishafika hutakuwa na dakika ya kutafuta siki iko meza gani.

Mimina siki kiasi cha kufunika kitako cha kisahani, kisha tia nyuzi za tangawizi zilowe humo. Siki hukata mafuta, na tangawizi huondoa harufu nzito ya nyama. Sosi ya soya si lazima, kwa kuwa nyama imekwishatiwa chumvi. Wapo wanaochanganya sehemu tatu za siki na moja ya soya, nao hawajakosea, lakini anayeonja kwa mara ya kwanza atumie siki tupu ili ajue supu yenyewe ina ladha gani. Mafuta ya pilipili yaache mpaka kifuko cha tatu au cha nne. Najua ushauri huu utakuwa mgumu kwa baadhi yetu.

Angalizo: siki nyeusi na sosi ya soya hukaa kwenye chupa zinazofanana na rangi zake zinakaribiana. Nusa kwanza.

## Hatua ya 4: Fungua kikapu, subiri, lakini usisahau

Kikapu kikifika, kifuniko kiinuliwe kwanza upande ulio mbali na uso wako, kwa sababu mvuke uliobanwa hutoka kwa nguvu upande ulioinuliwa.

Sasa subiri kama dakika moja na nusu. Katika muda huo ngozi hupoteza unyevu wa juu, hukazika kidogo na kupata nguvu ya kubeba supu. Kifuko kinachonyanyuliwa mara tu kifuniko kinapotoka huwa na ngozi laini iliyolowa, ambayo huachia chini.

Kusubiri kuna mpaka wake. Baada ya dakika tano au sita ngozi hukauka ukingoni na kushikana na karatasi iliyo chini yake au na kifuko cha jirani, na nyama hunyonya sehemu ya supu. Kikapu kwa hiyo si mahali pa kupiga picha ishirini. Piga moja, weka simu chini.

Tumia muda huo kukagua. Kifuko kizuri kimelegea na kutanuka chini, na mikunjo yake imekutana juu kwenye kifundo kidogo. Din Tai Fung, mkahawa wa Taiwan wenye matawi katika nchi nyingi, unajulikana kwa mikunjo 18, lakini mikahawa ya mtaani haihesabu na hupaswi kuhesabu. Ukiona karatasi chini ya kifuko imelowa supu ya mafuta, hicho kimepasuka jikoni, na kiliwe mwisho kama andazi la nyama.

## Hatua ya 5: Nyanyua kwa kifundo

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo tuende polepole.

Shika vijiti juu ya nusu ya urefu wake, mbali na ncha. Kijiti cha chini kitulie kati ya shina la dole gumba na kidole cha pete, cha juu kishikwe kama kalamu na ndicho pekee kinachosogea. Anayeshika karibu na ncha hubana kwa nguvu kuliko anavyodhani.

Ncha za vijiti ziingie pande mbili za kifundo, mahali mikunjo inapokutana. Pale unga ni mnene kuliko sehemu nyingine yoyote, na hakuna supu nyuma yake. Kamwe usibane tumbo la kifuko. Ngozi ya tumboni ni nyembamba kiasi kwamba kivuli cha supu huonekana kikitikisika ndani, na ncha ya kijiti itaipasua.

Kabla ya kunyanyua, kitikise kifuko kidogo upande mmoja, kisha upande mwingine, ili kitako kiachane na karatasi. Kikigoma, usivute. Ingiza kijiti kimoja kikiwa kimelala chini ya ukingo ulioshika na ukisogeze taratibu mpaka uachie. Katika vifuko vilivyopasuka ambavyo nimewahi kuvitazama, vingi viliponzwa na kuvutwa wima vikiwa bado vimenata.

Wachina wana mafundisho mafupi juu ya vifuko vya supu: nyanyua taratibu, sogeza polepole, fungua dirisha kwanza, kisha unyonye supu. Kwa hatua hii yanatosha maneno mawili ya mwanzo.

Umefanikiwa ikiwa kifuko kimening'inia kwenye vijiti, tumbo limeshuka kwa uzito wa supu, na karatasi iliyobaki kikapuni ni kavu.

## Hatua ya 6: Kitue kijikoni

Kijiko kisogezwe kwenye kikapu. Usikisafirishe kifuko juu ya meza kukifuata kijiko. Umbali wa hewani uwe mfupi kadiri inavyowezekana, na ikibidi kijiko kiguse ukingo wa kikapu. Kishushe kifuko humo kifundo kikiwa juu.

Kijiko kina kazi mbili: kubeba uzito ambao ngozi haiwezi kuubeba kwa muda mrefu, na kudaka supu ngozi ikiachia. Mwenye kijiko hana sababu ya kuogopa mpasuko. Kifuko kikipasuka humo, umepoteza sura tu, supu yote unayo.

Yapo maelekezo yanayotaka kijiko kishikwe kwa mkono wa kushoto, vijiti kulia, na supu inywewe moja kwa moja kutoka kushoto. Kwa aliyelelewa kula na kunywa kwa mkono wa kulia hilo ni zito. Suluhisho ni rahisi: kifuko kikishatua, laza vijiti kwenye ukingo wa kisahani, hamishia kijiko mkono wa kulia, na uendelee. Hakuna atakayeshangaa, wala hakuna kinachoharibika.

## Hatua ya 7: Fungua dirisha, kisha nywa

Ng'ata tundu dogo ubavuni, juu kidogo ya usawa wa supu, lisilozidi upana wa ncha ya kidole kidogo. Ukisita kutumia meno, toboa kwa ncha ya kijiti. Likiwa chini mno, supu itaruka, na likiwa kwenye kifundo utakuta unga mnene tu.

Usinyonye mara moja. Acha mvuke utoke kwa sekunde kumi au kumi na tano. Wasiopenda kupuliza chakula wamepata nafuu hapa, kwani dirisha lenyewe hupoza bila msaada wa pumzi. Kisha inamisha kijiko kidogo, supu imwagike ndani ya kijiko, na ugusishe mdomo wa juu kupima joto. Mdomo ukivumilia, ulimi utavumilia.

Nywa kidogo kidogo. Sauti ya kufyonza si utovu wa adabu huko, na hewa inayoingia pamoja na supu huipoza.

Angalizo kubwa: usiweke kifuko kizima mdomoni kabla ya kukitoboa. Ukikibana kwa meno, supu huruka kwa mkupuo hadi kwenye kaakaa na kooni, ambako huwezi kuitema kwa haraka. Watoto wafunguliwe dirisha na mtu mzima, supu imwagwe kwenye bakuli na ipoe kabla hawajapewa. Mtu akiungua, maji baridi mara moja, na malengelenge ya kooni au ugumu wa kumeza vinamhitaji daktari.

Umefanikiwa ikiwa umeonja supu nzito kidogo, inayonata midomoni kwa sababu ya ule mgando, yenye utamu wa mbali. Sukari ni sehemu ya mapishi ya eneo hilo, na Wuxi, mji wa jirani, huizidisha.

## Hatua ya 8: Siki, tangawizi, na kumaliza

Supu ikishanywewa, chota siki kidogo kwa ncha ya kijiti na kuidondoshea dirishani, ongeza nyuzi mbili au tatu za tangawizi, kisha kula kilichobaki kwa tonge moja au mawili. Wapo wanaochovya kifuko kwenye siki kabla ya kukitoboa. Kwa asiye na uzoefu ni safari moja zaidi ya hewani, na siki huingia katika supu kabla hujaionja.

Endelea na kifuko kinachofuata bila kukawia. Cha kwanza kitakuchukua muda, cha nne kitakwenda chenyewe. Ukifika nusu ya kikapu na bado una njaa, huo ndio wakati wa kuagiza kingine, kwa sababu kupikwa kwake hakupungui dakika sita au nane juu ya muda wa foleni.

## Mambo yakikwama

Vifuko vyote vikitoka bila supu, angalia kwanza ulichoagiza. 小笼 (xiaolong) ndiyo yenye supu. 包子 (baozi) ya kawaida ina unga uliochachuliwa, imefura, na haina supu ya kunywewa. 生煎 (shengjian) ina supu, lakini hukaangwa chini kwenye sufuria, na hiyo dirisha lake hufunguliwa juu, kwa tahadhari zaidi, kwa sababu huruka kuliko hizi.

Ukiletewa kifuko kimoja kikubwa chenye mrija juu yake, hicho ni tangbao. Nyonya supu kwa mrija baada ya kusubiri dakika kadhaa, maana mrija hupeleka moto moja kwa moja kooni.

Supu ikimwagika kwenye nguo, usisugue kwa maji, kwani doa ni la mafuta. Kandamiza karatasi kavu, kisha ukifika hotelini paka sabuni ya vyombo na uiache kwa muda kabla ya kufua.

Za kubeba sizishauri. Njiani mvuke hulowesha ngozi ndani ya boksi, na ukifika unakuta vifuko vimeshikana na supu imegandamana chini. Ikilazimu, rudisha vifuko kwenye mvuke kwa dakika tatu au nne juu ya karatasi mpya au jani la kabichi. Mikrowevu hukausha ngozi ikawa ngumu ilhali katikati bado ni baridi.